Mkono Wangu kwenye Kitabu Namba 12

Timu ya wilaya ilipokuja kwa usimamizi shirikishi ilituachia mrejesho wa ukurasa mmoja na nusu. Dawa muhimu: zipo. Usafi: unaridhisha. Choo cha wagonjwa: mlango wa pili urekebishwe. Chini kabisa, kwenye kipengele cha mfumo wa kielektroniki wa taarifa za wagonjwa, kuna aliyeandika kwa kalamu ya bluu: "Watumishi wana mtazamo hasi." Inchaji, yaani msimamizi wa kituo, akaibandika karatasi ubaoni, pembeni ya ratiba ya zamu.

Niliisoma mara tatu, kisha nikageuka kuwatazama hao wenye mtazamo hasi. Mtu wa maabara alikuwa anatuma mchango wa harusi kwa simu. Tabibu wetu alikuwa anaongea kwa video na shemeji yake aliyeko Muscat. Dada wa dirishani ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 30, na hesabu yao yote, hisa kwa hisa, iko kwenye kundi la WhatsApp. Mimi mwenyewe nilikuwa nimenunua umeme wa nyumbani kwa simu kabla sijavaa gauni la kazi. Hakuna hata mmoja wetu anayeishi siku nzima bila kubonyeza kioo.

Maneno hayo mawili, mtazamo hasi, nimeyasikia kwenye mafunzo na kwenye vikao vya tathmini. Hata wanafunzi wa vyuo huja nayo, na dodoso zao za "nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali". Mmoja aliniuliza kama naona mfumo ni rahisi kutumia. Nikazungushia "nakubali", kwa sababu kweli ni rahisi. Akanishukuru, akaondoka. Hakuniuliza niache kufanya nini ili nipate muda wa kuutumia.

Mimi ni muuguzi mkunga, huu ni mwaka wangu wa 14 kazini, na sasa niko kwenye kituo cha afya kimoja mkoani Tanga. Asiyewahi kukaa upande wetu wa meza hajui kituo kinavyoendeshwa kwa vitabu. Tangu MTUHA, mfumo wa nchi wa taarifa za huduma za afya, ianze kusambazwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila huduma ina rejesta yake yenye namba. Wagonjwa wa nje ni kitabu namba 5. Wajawazito ni 6, watoto 7, uzazi wa mpango 8, leba 12, baada ya kujifungua 13. Ukisikia mtu anaita kutoka chumba cha pili, "Nileteeni sita hapa," hakuna anayeuliza sita ya nini.

Mwezi ukiisha tunafunga hesabu. Kitabu namba 5 kinafunguliwa ukurasa kwa ukurasa, unahesabu malaria wangapi, nimonia wangapi, kuhara wangapi, me na ke, na kila kundi la umri mahali pake: chini ya mwezi mmoja, mwezi mmoja hadi chini ya mwaka, mwaka mmoja hadi chini ya mitano, mitano hadi chini ya 60, na 60 na kuendelea. Unachora vijiti kwenye karatasi ya kujumlishia. Ukikatizwa na mama mwenye uchungu, ukirudi umeshasahau ulikuwa mstari gani, unaanza upya ukurasa ule. Tarehe 7 ripoti iwe imefika wilayani, ikaingizwe kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanyia takwimu za afya. Nimewahi kuhesabu malaria ya mwezi mzima huku mwanangu amelala kwenye kanga chini ya meza.

Kwa hiyo tulipoambiwa kompyuta zinakuja, sisi watu wa leba na kliniki ya mama na mtoto tulifurahi, wala sisemi hivyo kwa kujipamba. Mkunga wetu mkubwa, ambaye sote tunamwita Bibi ingawa hajafika hata miaka 60, alisema wazi kwenye kikao: "Kama hicho chombo kitanihesabia, nitakifuta vumbi kila asubuhi kwa mkono wangu."

Hakikumhesabia. Zilikuja kompyuta tatu. Waya wa kwanza ulivutwa kwenye dirisha la malipo, wa pili duka la dawa, wa tatu chumba cha tabibu. Sisi tulipata kompyuta baada ya mwaka na zaidi. Naelewa kwa nini, maana mapato yalikuwa yanavuja, na kituo kisicho na mapato hakinunui hata glovu. Lakini watu husoma nia kwa kuangalia waya umeanzia wapi. Kituo kizima kikauita "mfumo wa mapato", na jina hilo halijafutika. Halafu wateja wangu mimi ni wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5, ambao kwa sera ya nchi hawalipi. Ukiwapitisha kwenye chombo kilichowekwa kwa ajili ya fedha, wanaonekana kama hasara. Mama analetewa skrini inayosubiri malipo, inabidi mtu aende abonyeze msamaha, na aliye na ruhusa ya kuubonyeza ameenda kunywa chai.

Kompyuta yetu ilipofika, ilikuja juu ya vitabu. Hakuna aliyesema kitabu gani sasa kifungwe. Nilinyoosha mkono kwenye mafunzo, yale ya siku mbili, nikauliza: tukishaingiza kwenye mfumo, je, kitabu namba 6 tuache kuandika? Mwezeshaji akajibu kwamba kwa sasa tuendelee na vyote viwili, hadi maelekezo yatakapotoka. Nimeajiriwa kwa hesabu ya dakika kama mtu mwingine yeyote. Jumanne tunapata wajawazito kama 40, na tuko wauguzi wawili. Hudhurio la kwanza la mama, kumwingiza tu, ukiwa na mkono mwepesi, ni dakika 12: jina, kijiji, mwenza, mimba zilizopita, uzito, presha, damu, kaswende, virusi vya ukimwi, chandarua. Wote 40 wangekuwa hudhurio la kwanza ningehitaji saa 8 mbele ya kioo kabla sijamgusa mtu tumbo. Si wote wa mara ya kwanza, lakini hata nusu yao ni saa 4. Na kadi ya mama lazima ijazwe, maana ndiyo anayotembea nayo, na kitabu namba 6 lazima kijazwe, maana mkaguzi akija anaomba kitabu.

Hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwenye kuomba kitabu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kingine, nilikuwa zamu ya usiku peke yangu. Mama alijifungua salama, kisha akaanza kuvuja damu. Nilifanya nilichofundishwa kufanya, nikaita gari la wagonjwa. Gari halikuja. Nikaita tena. Lilipokuja kulikuwa kunakaribia kupambazuka, na yule mama alifia njiani. Sitaandika zaidi juu yake hapa, ana watoto.

Kwenye kikao cha mapitio ya kifo niliulizwa swali moja mbele ya watu 11: "Sista, gari uliliita saa ngapi?" Nilifungua faili. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu, herufi zinayumba kwa sababu nilikuwa naandika nimesimama: saa 7:20 usiku, simu ya kwanza. Saa 7:55, simu ya pili. Saa 8:30, simu ya tatu. Na kitabu namba 12, mstari wake, saini yangu. Ukurasa ulikuwa na doa la damu pembeni. Mwenyekiti aliuangalia ukurasa ule muda mrefu, halafu akageuka kumwangalia anayeshughulikia magari. Mimi sikuulizwa tena.

Kitabu ni ripoti kwa watu wa wilayani. Kwangu mimi, tangu siku ile, ni shahidi. Siwezi kudai kwamba nilikuwa hapo kama sikuwapo, wala mwingine hawezi kuandika kwa mwandiko wangu. Mwandiko wa kila mtumishi tunaujua kama tunavyojua sauti yake. Unapomwambia mkunga aache kitabu, unamwomba aache shahidi aliyewahi kumsimamia, na unalo jukumu la kumwonyesha shahidi mpya ni nani.

Sasa nieleze shahidi mpya alivyonisimamia. Katika kituo hiki, mwanzoni, yalifunguliwa majina matatu tu ya kuingilia kwenye mfumo: la inchaji, la dirishani na la kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeenda mafunzoni. Neno langu la siri lilibandikwa kwenye kioo cha kompyuta kwa plasta ya vidonda ili kila mwenye zamu aweze kufanya kazi. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwa mtu. Ilikuwa au hivyo, au mgonjwa arudi nyumbani.

Kisha ukaja ukaguzi wa dawa. Vichupa 18 vya ceftriaxone, dawa ya sindano ya kuua bakteria, vimetolewa Jumamosi, na aliyevitoa, kwa mujibu wa mfumo, ni mimi. Jumamosi ile nilikuwa nyumbani nanyonyesha, nina likizo ya uzazi iliyobaki wiki mbili. Ratiba ya zamu iko ukutani, inasema hivyo. Bado niliandikiwa barua ya kujieleza. Niliandika, kurasa mbili, nikaambatisha nakala ya ratiba. Baadaye vichupa vikaonekana vyote kwenye mafaili ya waliolazwa, vimetumika kihalali, mwenzangu ameviandika kwa jina lililokuwa wazi kwenye kioo. Suala likafungwa. Barua yangu haijawahi kujibiwa, na nina hakika imo kwenye faili langu hadi leo.

Baada ya hapo nilikaa miezi mitano sigusi kibodi. Nikiambiwa niingize, nasema mtandao unasumbua. Nakiri hapa kwamba mara nyingine mtandao ulikuwa mzima kabisa. Huo ndio mtazamo hasi ulioandikwa kwa kalamu ya bluu, au sehemu yake iliyo yangu. Aliyeandika hakukosea alichokiona.

Yako mengine yanayozungumzwa sana, nami nitayapita haraka. Umeme: wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujawashwa Februari 2024, tulikuwa tunaandika kwenye karatasi mchana na kuingiza usiku umeme ukirudi. Tulichukia, lakini tulifanya. Umri: Bibi alijifunza kuliko vijana wawili tulioletewa kutoka chuoni, kwa sababu yeye alikuwa na sababu ya kujifunza. Uhamisho: unamfundisha mtu leo, Julai anahamishwa. Haya yote yanachosha, ila hayamgeuzi mtu moyo kama kulaumiwa kwa kazi ambayo hakuifanya.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona kwenye dodoso lolote. Alikuja binti mmoja kliniki ya uzazi wa mpango, bado mdogo. Tumeongea vizuri, nimevuta kibodi, akanishika mkono. "Anti, unaandika nini humo? Pale dirishani wanakiona?" Dada wa dirishani ni mama yake mdogo. Nikanyamaza, kwa sababu sikujua. Nikatoka, nikazunguka, nikamwomba yule dada anionyeshe kioo chake kwa kisingizio cha kutafuta namba. Ndiyo, alikuwa anaona: jina, na huduma iliyotolewa. Kitabu namba 8 kinalala kabatini mwangu na ufunguo uko mfukoni. Nilirudi nikamwandika binti kwenye kitabu, kwenye mfumo sikumwingiza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, lakini pale chumbani mwenye kumlinda yule binti alikuwa ni mimi na kabati langu. Kwenye ripoti ya mwezi ule takwimu za mfumo na za kitabu zilitofautiana. Tukaulizwa kwa nini. Nikasema tumesahau.

Nimekuwa nikisoma jinsi wenzetu walivyoanza, na hadithi inayonirudia ni ya Mosoriot, kituo cha afya cha vijijini karibu na Eldoret, Kenya. Hao walianza kumbukumbu za wagonjwa za kompyuta Februari 2001, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kompyuta mbili zilizounganishwa, na betri ya sola ya akiba. Mgonjwa alipewa fomu mapokezi, akatembea nayo kwa daktari, maabara, duka la dawa, na akitoka karani ndiye aliyeiingiza. Daktari na muuguzi waliendelea kuandika kwa kalamu. Kazi ile ikawa chimbuko la mifumo mikubwa iliyofuata, hadi OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika leo katika nchi nyingi.

Kinachonisimamisha ni vipimo walivyovichapisha 2003, baada ya kusimama na saa kabla na baada. Safari ya mgonjwa kituoni ilifupika kwa asilimia 22. Watumishi walipungukiwa kwa nusu muda wa kushughulika na wagonjwa, na kwa theluthi mbili muda wa kushughulika wao kwa wao. Ukiisoma ukiwa ofisini ni habari njema tupu. Nikiisoma mimi, nafurahi kwa foleni iliyopungua, kisha nakaa kwenye ile nusu. Sehemu ya ile nusu ni kutafuta mafaili na kuulizana "huyu alipimwa lini", na hiyo iende kabisa. Lakini dakika ambazo nilikuwa namwandika mama kwenye kadi polepole ndizo dakika ambazo wanawake wengi wameniambia mambo mazito ya nyumbani. Kalamu inatembea, anajua sina haraka, anasema. Sijui dakika hizo zihifadhiwe vipi kwenye kibodi, na sitaki zihesabiwe kuwa upotevu.

Sasa tuna inchaji mpya, mama mtulivu, alitokea zahanati. Wiki ya kwanza aliivua plasta ile kwenye kioo. Akamwita kijana wa TEHAMA wa halmashauri, wakakaa siku nzima wakimfungulia kila mtumishi jina lake, hadi mhudumu wa usafi anayesaidia mapokezi. Akauliza kila mmoja anaona nini kwenye kioo chake, na dirisha la malipo likaacha kuona huduma za chumba changu. Nilimwambia kuhusu binti yule. Hakunigombeza. Meza yangu nayo ilikuwa imegeuzwa ukutani kwa sababu soketi iko huko, mama anaongea na mgongo wangu. Tulichanga, tukanunua waya mrefu wa umeme, tukaigeuza. Sasa mama anakaa ubavuni, anaona kioo ninavyoandika, na wengine hunisahihisha: "Si Juma, nesi, ni Jumaa."

Lakini kilichombadilisha Bibi, na kupitia yeye kikatubadilisha sote, ni orodha ya watoro. Zamani kumjua mama aliyeacha kliniki ulikuwa uzipekue kurasa zote za kitabu namba 6, ufananishe tarehe. Hakuna aliyekuwa na muda, tulikuwa tunakutana nao leba wamechelewa. Inchaji akagundua kwamba mfumo unaweza kutoa orodha hiyo. Kila Alhamisi anaichapisha, majina na vijiji, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanagawana. Wiki ya tatu Bibi alisimama mlangoni: "Orodha yangu iko wapi?" Alipokuta jina la mama mmoja wa kijijini kwake halimo, akafuatilia, akakuta tarehe imeingizwa vibaya. Tangu hapo anakaa nyuma yetu tukiandika. "Andika vizuri, mwanangu, huyo atanipotea."

Vitabu bado tunaandika vyote. Maelekezo hayajatoka.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya usiku, umeme umekatika tangu saa 4. Mtoto wa kike alizaliwa saa 9:40, kilo 3.1, akalia papo hapo. Nikaandika kwenye kitabu namba 12 kwa mwanga wa simu, nikasaini. Asubuhi umeme uliporudi nikafungua kwa jina langu na neno langu la siri, ambalo sasa halijulikani na mtu mwingine, nikamwingiza. Mfumo ukaweka wenyewe saa ya huduma: 2:15 asubuhi. Nilijaribu kuibadilisha, ikagoma. Nikaandika kwenye maelezo, kwa herufi kubwa, MTOTO AMEZALIWA SAA 9:40 USIKU, UMEME HAUKUWEPO, kisha nikampigia kijana wa TEHAMA. Akaniuliza kwa nini saa ile ni muhimu hivyo, mtoto si mzima? Nikamwomba aje kituoni siku yoyote mwezi huu, nimweleze.

Amesema atakuja Jumatatu.